Kimo cha Mdudu, Saa ya Kwelea

Msafiri atokaye Arusha kwenda Dodoma kwa barabara kuu ya kaskazini, akiisha kupita Minjingu na Magugu na kuanza kupanda taratibu kuukabili mji wa Babati, huiona nchi iliyo mbele yake kuwa ni neema tupu: mkono wa kuume ukuta wa Bonde la Ufa, mkono wa kushoto mlima Kwaraha ulioinuka hata mita 2,415, na katikati yake mashamba ya mahindi yaliyochanganywa na mbaazi, mpaka kwenye ziwa la viboko lililo ukingoni mwa mji. Rubani wa eropleni ya kunyunyizia dawa huitazama nchi hiyo hiyo kwa nadhari nyingine. Kwake yeye shamba halipimwi kwa magunia, hupimwa kwa urefu wake na kwa ugumu wa udongo wake; mti mmoja ulioachwa katikati ya shamba kwa ajili ya kivuli cha walimaji ni adui; waya wa umeme ni adui mkubwa zaidi kwa sababu hauonekani; na kila apitapo mahali, moyo wake huwa umekwisha kuuliza swali ambalo ulimi hautamki, yaani injini ikinyamaza sasa hivi, nitatua wapi.

Habari za vita baina ya watu wa Afrika ya Mashariki na wadudu wao zimeandikwa sana, na aghalabu huandikwa kama habari za dawa: dawa gani ililetwa, ikaua nini, ikaharibu nini. Mimi nataka kuzieleza kwa upande wa kimo na wakati, kwa kuwa naona kwamba kilichoitenga kazi hii na kazi nyingine zote za urubani ni kwamba mwenye kuifanya hakupewa hiari ya kuchagua aruke juu kiasi gani wala saa ngapi. Kimo alichaguliwa na mdudu, na saa alichaguliwa na ndege mla nafaka, kwelea kwelea. Na vyote viwili, kwa bahati mbaya, ndivyo viovu kuliko vyote kwa mtu ambaye injini yake yaweza kuzimika.

Kazi yenyewe ilianza mbali. Tarehe 3 Agosti 1921, huko Troy katika jimbo la Ohio, Marekani, rubani wa jeshi aitwaye John Macready alipita na eropleni ya Curtiss kando ya kitalu cha miti iliyokuwa ikiliwa na viwavi, akamwaga unga wa sumu ukachukuliwa na upepo mpaka majanini, na viwavi wakafa kwa wingi. Eropleni ile ilikuwa ya aina iliyotumiwa kufundishia marubani wa Vita Kuu ya Kwanza, na desturi ya kuziokota mashine za kazi nyingine, kuzitia tangi na bomba, na kuziita za kilimo, ilidumu kwa muda wa miaka thelathini. Wachache walikaa wakafikiri itakuwaje mashine ya namna hiyo ikianguka na shehena yake.

Katika nchi ya Babati na jirani zake, adui wa kwanza aliyewafanya wakubwa wa serikali waitazame mbingu kuwa ni njia ya dawa hakuwa mdudu wa mazao, alikuwa mbung'o. Vichaka vya Mbugwe, vya Kondoa na vya upande wa Tarangire vilikuwa makao yake, na palipo na mbung'o ng'ombe hawakai, kwa ajili ya nagana, na hata watu huhama kwa kuogopa malale. Dawa ya zamani ilikuwa shoka na moto: kufyeka vichaka, kuchoma majani kwa majira yaliyopangwa, na kuwakusanya watu pamoja ili kilimo chao kiwe ngome. Mkuu wa elimu hiyo alikuwa Mwingereza Charles Swynnerton, ambaye kwanza alikuwa bwana nyama wa kwanza wa Tanganyika chini ya Waingereza, kisha akawa mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o. Aina moja ya mbung'o wa mbuga za kaskazini imepewa jina lake na wanachuoni, Glossina swynnertoni. Alizitembea Kondoa na Shinyanga kwa miguu, akapima kivuli cha kila namna ya mti na kuandika ni wapi mdudu hupumzika na ni wapi huwinda. Mwezi wa Juni 1938 eropleni aliyoipanda ilianguka karibu na Singida, akafa yeye pamoja na Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea wa idara yake, mtu aliyeijua miti ya nyanda hizi kuliko wageni wengi. Eropleni ile haikuwa ya dawa, wala sitaki kuigeuza ajali ile kuwa ishara ya jambo lolote. Naitaja kwa sababu wasomaji wa leo husahau upesi kwamba watu walioanzisha elimu ya wadudu katika nchi hizi walikuwa wakiruka juu ya mapori yasiyokuwa na kiwanja wala simu, kwa mashine zenye injini moja au mbili za wasiwasi, na kwamba hesabu ya vifo vyao ni sehemu ya historia ya elimu hiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuja dawa ya DDT, na pamoja nayo likaja wazo jipya. Huko Zululand, Afrika ya Kusini, kuanzia mwaka 1945, eropleni za vita aina ya Anson zilitumwa kumwaga dawa juu ya misitu ya mbung'o, nayo dawa ilitiwa katika bomba la moshi la injini ili joto la moshi liigeuze kuwa ukungu mwembamba. Kazi ile ikafuzu, na sifa yake ikafika kaskazini. Kituo cha utafiti wa dawa za wadudu cha serikali ya kikoloni, kilichoanzia Entebbe, kilihamia Arusha, na majaribio ya kunyunyizia kwa eropleni yakafanywa katika mapori ya Tanganyika na Uganda kwa miaka mingi. Kituo hicho ndicho kilichokuja kujulikana kwa wakulima wa kaskazini kwa jina la TPRI, pale Ngaramtoni; kikawa mali ya ushirika wa Afrika ya Mashariki mpaka ulipovunjika mwaka 1977, kisha kikawa cha Tanzania peke yake.

Wanachuoni wa Arusha, kama wenzao wa Zululand, walikutana na kanuni ambayo haina msamaha. Tone la dawa likiwa kubwa huanguka chini kama mvua na kupotea. Likiwa dogo mno huelea, na jua likiisha kuupasha udongo moto, hewa hupanda na kulichukua tone hilo mbinguni lisikoonekana tena. Kwa hiyo ukungu wa dawa hauna budi kumwagwa wakati hewa ya chini ni baridi kuliko ya juu, ndipo unapokaa vichakani kama mfuniko: yaani alfajiri kabla ya jua, au magharibi, au usiku kabisa. Tena hauna budi kumwagwa karibu na vilele vya miti, kwa kuwa kila mita ya ziada ya kimo ni dawa inayopelekwa kwa jirani. Rubani aliyezoea kufundishwa kwamba kimo ni akiba na mwanga ni rafiki alitakiwa aviache vyote viwili mlangoni.

Wakati huo huo nzige nao walikuwa wakiandika sura yao. Nzige wekundu walienea katika nchi za kusini na mashariki ya Afrika tangu mwaka 1930 hata 1944, na chimbuko lao kubwa likawa ni bonde la Rukwa. Mwaka 1949 serikali mbalimbali zikaunda shirika la pamoja la kuwazuia. Kwa nzige wa jangwani, nchi za Afrika ya Mashariki zilitia saini mkataba mwaka 1962 wa kuanzisha shirika lijulikanalo kwa herufi za DLCO-EA, ambalo makao yake makuu yapo Addis Ababa. Na kwa kuwa nzige wa jangwani hawaji kila mwaka, na eropleni iliyokaa bila kazi huoza, shirika hilo likapewa pia viwavijeshi, mbung'o, na kwelea kwelea. Hivyo ndivyo mkulima wa Babati alivyoingia katika hesabu ya marubani ambao wengine kati yao jana walikuwa Somalia na kesho watakuwa Sudani.

Eropleni iliyopendwa katika kazi hiyo kwa miaka mingi ilikuwa Beaver, iliyotengenezwa Kanada na kurushwa mara ya kwanza mwaka 1947. Haikuundwa kwa ajili ya dawa. Iliundwa kwa watu wa mwituni, wenye kuhitaji kuondoka mahali pafupi na kutua mahali pabaya. Injini yake ilikuwa ya silinda tisa zilizopangwa kwa duara, nguvu za farasi 450, tena yenye kipulizio cha kusukuma hewa ndani ya silinda, na hilo la mwisho ndilo jambo la kushukuriwa katika nchi ya Manyara. Babati iko kama mita 1,350 juu ya usawa wa bahari. Siku ya joto la nyuzi 30, hewa yake huwa nyepesi kana kwamba mtu yuko zaidi ya mita 2,000, na injini isiyokuwa na kipulizio hupoteza hapo kama moja ya tano ya nguvu zake hata kabla haijaugua ugonjwa wowote. Mabawa nayo hushika hewa hiyo hiyo nyepesi, kwa hiyo mbio za kuondokea huwa ndefu na kupanda huwa kwa shida. Ukisikia kwamba eropleni ya kilimo iliyosifiwa katika mashamba tambarare ya nchi za baridi imeshindwa kuuruka ukuta wa bonde ikiwa imeshiba dawa, usiulaumu ufundi wa rubani upesi. Ilikuwa imekwisha kushindwa na hesabu kabla haijaondoka chini.

Ama injini kuzimika kabisa, au kupungukiwa nguvu ghafula, sababu zake si nyingi kama wengi wadhanivyo, na nyingi katika hizo huanzia ardhini. Katika viwanja vya porini petroli ya eropleni haitoki katika bomba. Huletwa kwa lori katika mapipa ya lita 200, nayo mapipa husimamishwa juani kando ya kiwanja hata siku ya kazi. Pipa likisimamishwa wima, mvua hukusanyika juu ya kifuniko. Usiku hewa iliyo ndani hupoa na kujikunyata, ikayavuta maji yale kupitia mahali pa kuzibia, na asubuhi petroli imekwisha kuwa na mshirika asiyeonekana. Ndiyo sababu mafundi wenye akili huyalaza mapipa ubavu, huyaacha yatulie kabla ya kuyagusa, hawanyonyi mpaka chini kabisa, na hupitisha petroli katika ngozi laini iliyolainishwa mpaka ikawa kama kitambaa, ambayo hupitisha mafuta na kukataa maji. Kisha hufungua koki ya chini ya tangi na kukinga kidogo katika chupa, waone kama kuna tone linalocheza chini. Ni kazi ya dakika chache, yenye kuchosha, isiyo na sifa, na mara nyingi humwangukia kijana mwenye ujira mdogo kuliko wote waliopo kiwanjani.

Tena kuna kisa cha matangi. Beaver ina matangi matatu tumboni, la mbele, la kati na la nyuma, na rubani huchagua kwa mkono ni lipi linalolisha injini. Likiisha lile, injini hukohoa na kunyamaza, ingawa petroli imo tele katika tangi la pili. Kwa mwenye mita 1,000 chini yake hilo si ajali, ni ukumbusho tu: hugeuza kishikio, hupiga pampu ya mkono, na injini huamka. Kwa aliye mita tano juu ya mpunga ni habari nyingine, kwa maana sekunde zile za kugeuza na kupiga pampu hana. Nadhani hapa ndipo hali ya rubani wa dawa inapoonekana kwa dhahiri kuliko popote: kasoro ile ile ambayo kwa wengine ni kero, kwake ni msiba, na kilichoibadilisha ni kimo peke yake.

Kadhalika kuna barafu ya kabureta, ambayo wasafiri hushangaa kuisikia ikitajwa katika nchi ya joto. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta huipoza hewa kwa nguvu, na ikiwa hewa hiyo ina unyevu mwingi, kama ilivyo hewa ya alfajiri katika mabonde ya Kiru na Magugu wakati wa masika, huganda ndani ya koo la injini na kuibana pumzi. Dawa yake ni kufungulia hewa ya moto; lakini hewa ya moto hupunguza nguvu, na rubani aliyebeba shehena nzima juu ya miti hukawia kuipunguza nguvu anayoitegemea. Nyigu nao wasisahauliwe: nyigu wa udongo hupenda vitundu vyembamba, na kitundu cha kupumulia cha tangi kikizibwa kwa udongo wao usiku mmoja tu, petroli hukataa kushuka.

Baada ya hayo yote ndipo tufike kwa kwelea kwelea, kwa sababu kwelea ana ajali zake mwenyewe. Ni ndege mdogo mwenye uzito kama wa gramu 20, na kila mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, jambo ambalo si kitu mpaka mtu azidishe: ndege milioni mbili, ambao si kundi la ajabu, humaliza tani 20 kwa siku moja. Hupenda mtama, uwele, mpunga na ngano, na mpunga wa mabonde ya chini ya Babati ni miongoni mwa karamu zao. Mchana hutawanyika katika masafa mapana, wala haiwezekani kuwafuata. Jioni hurudi wote pamoja kulala mahali pamoja, katika matete au katika migunga yenye miiba, na hapo tu, katika nusu saa ya mwisho ya mwanga, ndipo wanapopatikana wakiwa wamesongamana hata dawa kidogo ikatosha. Dawa iliyozoeleka ni fenthion, inayomwagwa bila kuchanganywa na maji, kwa kiasi cha lita chache tu kwa hekta.

Basi tazama masharti aliyowekewa rubani. Jua linakuchwa, na tena linakuchwa upesi, kama desturi ya nchi zilizo karibu na ikweta. Anaruka karibu na vilele vya migunga. Mbele yake kuna wingu la ndege hai ambao nao wanaruka, wengine wakikimbia na wengine wakimjia. Na kazi haiwezi kuahirishwa hata saa moja. Kwelea mmoja akigonga kioo huacha doa. Mia wakigonga huziba mahali pa injini kuvutia hewa na mahali pa kupozea mafuta, na injini isiyopata hewa wala kupoa haijadili. Kwamba ndege wa angani waweza kuangusha eropleni si jambo la kukisia katika sehemu hii ya nchi: tarehe 10 Januari 1959, Michael Grzimek, kijana Mjerumani aliyekuwa akiwahesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake Bernhard, alifariki karibu na Ngorongoro baada ya eropleni yake kugongana na tai mzoga, akazikwa ukingoni mwa kreta. Huyo aligongana na mmoja. Mwenye kazi ya kwelea huingia katika wingu lao kwa kukusudia.

Na ajali ikitokea saa ile, hutokea giza likiingia. Aliyenusurika na kutua salama katika mbuga ya Mbugwe saa kumi na mbili na nusu jioni ana dakika chache tu za kuonekana, na baada ya hapo watafutaji hawana la kufuata ila sauti. Isitoshe, sumu yenyewe ina ubaya wa kipekee unaohusu jambo hili. Fenthion ni katika jamii ya dawa zinazovuruga mishipa ya fahamu, na miongoni mwa dalili za kwanza za mtu aliyeivuta au kuipata katika ngozi, pamoja na jasho na mate mengi, ni mboni za macho kusinyaa hata zikawa kama tundu la sindano. Mboni iliyosinyaa hairuhusu mwanga. Rubani ambaye mpira wa bomba umevuja katika chumba chake huiona jioni kuwa nyeusi kuliko ilivyo, naye hajui kwamba nusu ya giza lile imo machoni mwake.

Injini ikizimika, mambo huenda kwa kasi isiyolingana na maneno. Eropleni iendayo kilomita 180 kwa saa hupita mita 50 kila sekunde. Rubani hana kimo, lakini ana mwendo, na mwendo waweza kubadilishwa kuwa kimo: huvuta usukani na kupanda pengine mita hamsini au sitini, huku mwendo ukifa, na wakati huo huo mkono wa pili huvuta mtaimbo wa kufungulia tangi ili shehena yote imwagike kwa pamoja. Eropleni iliyotua mzigo hubaki hewani kwa mwendo mdogo zaidi, na mwendo mdogo ndio uhai, kwa sababu nguvu ya pigo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kisha huelekea mbele, mbele tu, kulia kidogo au kushoto kidogo. Atakayegeuka kurudi kiwanjani, kama moyo unavyomshawishi kila binadamu kurudi alikotoka, hupoteza mwendo katika kona na kuanguka kwa bawa. Mwenye injini nne ana wasaa wa namna nyingine. Mwezi wa Desemba 1988, eropleni mbili kubwa aina ya DC-7 zilizokuwa zikitoka Dakar kwenda Agadir kwa kazi ya nzige zilipigwa makombora juu ya Sahara ya Magharibi. Moja ikaanguka na watu watano wakafa, na ya pili, ingawa ilipoteza injini moja, ikafika Sidi Ifni ikatua. Rubani wa peke yake mwenye injini moja hana ya kupoteza.

Kwa muda mrefu wenye kuunda eropleni walidhani kwamba jawabu ni injini bora, na hawakukosea kabisa, kwa maana injini za tabini zilizoingia sokoni katika miaka ya 1960 zilipunguza visa vya kuzimika kwa kiasi kikubwa: hazina kabureta ya kuganda wala plagi za kuchafuka. Lakini mtu ambaye marubani wa dawa wangepaswa kumjua kwa jina ni Fred Weick, mhandisi wa Marekani, aliyeanza na dhana iliyo kinyume, yaani kwamba eropleni ya dawa itaanguka, leo au kesho, na kwa hiyo iundwe kwa ajili ya kuanguka. Eropleni yake ya majaribio, Ag-1, iliyojengwa katika chuo cha kilimo na uhandisi cha Texas, iliruka mwaka 1950, na mashine aliyoisanifu baadaye, Pawnee, ikaanza kuuzwa mwaka 1959. Tangi la dawa aliliweka mbele ya rubani badala ya nyuma. Rubani akakaa juu na nyuma, aone mbele na chini. Mirija ya pua ikaundwa ili ijikunje kidogo kidogo na kulila pigo kabla halijamfikia mtu. Mikanda ikapita mabegani. Na vyuma vyenye makali vikawekwa kwenye miguu na mbele ya kioo vikate waya. Linganisha na eropleni ya abiria iliyotiwa tangi nyuma ya kiti: inaposimama ghafula, mamia ya kilo za dawa hazisimami, na kati yao na injini ya moto yuko mtu. Beaver ilikuwa na fadhila nyingi, na marubani walioizoea huitetea kama watu wa pwani wanavyokitetea chombo kilichowavusha. Fadhila hiyo moja haikuwa nayo.

Tukirudi nchini Babati, mahali pa kutua kwa dharura pameandikwa na majira kuliko ramani. Mbuga za Mbugwe, kati ya Magugu na ziwa Manyara, wakati wa kiangazi ni ngumu na pana hata mwenye injini iliyozimika aweza kuchagua, ila awe macho na mibuyu na mashimo ya wanyama. Masika udongo ule ule mweusi hugeuka gundi: magurudumu huzama, mkia huinuka, na eropleni yenye gurudumu la nyuma hupinduka kichwa chini kwa utulivu ambao hauui aghalabu, ila humwacha rubani akining'inia katika mikanda yake huku petroli na dawa vikimtiririkia. Mpunga ni mbaya kwa sababu hiyo hiyo, na mpunga ndipo kwelea walipo. Mahindi yaliyokomaa ni afadhali. Hushika mabawa na kusimamisha mashine kwa masafa mafupi. Miwa ya Kiru ni minene, lakini bonde lenyewe limebanwa na ukuta, na upepo unaoshuka ukutani alasiri huweza kuibana chini eropleni yenye afya kamili. Kuelekea Bonga na mpaka wa Kondoa kuna makorongo yaliyochimbwa na mvua, ambayo kutoka juu huonekana kama mistari ya kalamu, na mtu huyajua kina chake akiwa amekwisha kufika. Katika miaka ya karibuni hatari mpya imekuja pamoja na heri, yaani nguzo za umeme wa vijijini; kijiji kilichokuwa wazi mwaka jana huwa na waya mwaka huu, na kwa hiyo rubani mwenye hadhari hupita mchana juu sana, akaikagua njia yote, akaandika miti na nyaya, akatia alama mahali pawili au patatu pa kutua, kabla ya kungoja jioni.

Wanaomfikia wa kwanza aliyeanguka ni wenye mashamba, na hao nao wana haki ya kukumbukwa. Mtu anayemtoa rubani katika mabaki hujipaka sumu ile ile mikononi na kifuani. Na katika siku zilizopita, pasipokuwa na maji mengi wala sabuni karibu, na pasipokuwa na mtu wa kuwaambia kwamba nguo zilizolowa zivuliwe mara moja, wema ulikuwa na gharama yake.

Mambo mengi yamebadilika. Wilaya ya Babati ilizaliwa mwaka 1985 kwa kuigawa Hanang. Mkoa wa Manyara ukakatwa kutoka Arusha mwaka 2002, na mji wa Babati ukawa makao makuu yake. Sheria ya mwaka 2020 ikaiunganisha TPRI katika mamlaka mpya ya afya ya mimea na viuatilifu. Mapema mwaka 2021 nzige wa jangwani walipoingia kutoka Kenya hata Longido na Simanjiro, eropleni za dawa zilisikika tena katika anga la kaskazini, na vijana wengi wakaziona kwa mara ya kwanza zikiruka chini kiasi kile. Ndege nyuki, mashine ndogo zisizo na rubani, zimeanza kutumwa dhidi ya kwelea katika Kenya na Zimbabwe. Ikizimika mojawapo huanguka katika mpunga, na mwenyewe huenda kuiokota akiwa amekunja suruali. Kwa malazi madogo ya kwelea huenda ikawa ndiyo mwisho wa kumtuma mtu angani jioni. Jirani zetu Warangi wa Kondoa wana njia ya zamani zaidi, ya kuwanasa ndege hao kwa mitego na kuwala, na wataalamu wa Tanzania wameichunguza kwa heshima, ingawa nyavu hazitoshi kwa mamilioni, na ndege waliopitiwa na dawa hawafai kwa chungu cha mtu yeyote. Malazi yenye hekta nyingi bado huitiwa eropleni yenye rubani ndani yake, na tangi la ndege nyuki, lenye lita chache na betri ya dakika chache, bado haliwezi kuyamaliza katika ile nusu saa moja ambayo kwelea huitoa.